Kumfuata Byamungu Hadi Jumba la Waturuki

Tangu nirudi, kila anayeketi kwenye kiti changu pale saluni ya Umbilo Road, Durban, ananiuliza swali lile lile, na kila mmoja namjibu kipande tu, maana nywele zinaisha kusukwa kabla hadithi haijafika Johannesburg. Mama Glody, mwenye saluni, amechoka. "Furaha, andika," aliniambia juzi. "Andika yote, tutumie bote. Miye ile basi yako nimeisikia mara mingi." Basi naandika. Mambo ya viza na tiketi nayaacha. Yalinitesa vya kutosha, sitaki yawatese na nyinyi.

Kwa wale wasiojua: Byamungu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Mimi dada yake mkubwa, yaya kama anavyoniita, ndiye niliyembeba mgongoni kule Uvira, Kongo, mama akiwa sokoni. Alikwenda Uturuki kusoma ujenzi, masomo yakakatikia njiani kama yanavyokatika ya wengi wetu, akabaki huko akifanya kazi ya kukarabati nyumba za zamani. Kila Jumapili alikuwa anapiga simu. Kabla ya Pasaka akanyamaza. Simu haiingii, ujumbe haufiki. Miezi ikapita. Wajomba zetu wakaanza kumwambia mama kwamba mtu asiyesikika muda wote huo huliliwa, na wao wako tayari kukaa kilio hata bila mwili. Mama akakataa. Aliniambia kwenye simu, "Siwezi kumulilia mutu sijamuona. Lakini hawa bajomba banachoka kungojea, Furaha."

Nilikuwa na picha moja tu, ya mwisho aliyotuma. Amesimama mbele ya jumba kubwa, chini mawe, juu mbao, ghorofa za juu zimetokeza barabarani kama mashavu ya mtu aliyejaza maji mdomoni. Hatukujua ni wapi. Halafu siku moja akaja saluni msichana wa Kituruki anayesoma hapa chuoni, amepanga chumba mtaa wa Glenwood, anataka kusukwa. Nikamwonyesha picha bila tumaini lolote. Akaikuza kwa vidole, akacheka. Kumbe ni jumba la makumbusho la mkoa wao. Lilikuwa nyumba ya tajiri mmoja zamani, sasa limejaa vitu vya kale, na kila mtoto wa shule wa kule hupelekwa kulitazama. Jina la mji sitaliandika. Makaratasi ya Byamungu bado hayajanyooka, na ameniomba.

Umbilo hadi Johannesburg

Basi liliondoka Durban asubuhi vizuri, nami nikajipongeza, kwa sababu ndege ilikuwa ya jioni. Niliketi na mama mmoja wa Kizulu aliyepakata beseni la amagwinya, yale maandazi yao makubwa, akanipa moja kabla hatujasalimiana. Tulipopanda mlima wa Van Reenen ukungu ukashuka, dereva akawa anaendesha kama mtu anayepapasa ukuta. Kisha tukasimama kabisa. Lori lilikuwa limelala barabarani, machungwa yamemwagika mpaka kwenye majani, na magari mbele yetu hayana mwisho.

Watu walishuka, wakaokota machungwa, wakapiga soga. Mimi nilikuwa nashuka na kupanda, nashuka na kupanda, kana kwamba nikilitazama lile lori mara nyingi litaona aibu liamke. Kila nikirudi kitini, yule mama ananitazama. Mwishowe akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, "Unakwenda kuzika, mwanangu?"

"Hapana. Namtafuta ndugu yangu."

"Eish." Akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye mafuta. "Nisamehe. Umekaa kama mtu anayekwenda kuzika."

Hakuwa na nia mbaya, najua. Lakini lile neno lilipanda nami ndege. Niliiwahi mlango unakaribia kufungwa, nikikimbia na begi moja begani na jingine nalikokota, na hata tulipokuwa juu ya mawingu, chakula kimeletwa, nilikuwa bado naisikia ile sauti: umekaa kama mtu anayekwenda kuzika. Nikajaribu kukaa namna nyingine. Sikujua mtu anayekwenda kumwona ndugu yake mzima hukaa vipi.

Samaki wa Istanbul

Nilikuwa nimembebea Byamungu ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, niliowanunua kwa wamama wanaowaleta Durban. Niliwafunga kwa magazeti na mifuko, lakini mnajua ndagala hawafungiki. Kule Istanbul afisa mmoja kijana alisimama karibu na begi langu, pua ikamcheza, akaniashiria nilifungue.

Akaokota ndagala mmoja kwa kucha, akamnyanyua kwenye taa. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine.

"Samaki," nikasema kwa Kiingereza. "Chakula. Cha ndugu yangu."

"Ndugu yako yuko wapi?"

Mtu anapoulizwa swali ambalo limemkosesha usingizi, hulijibu kabla hajafikiri. "Sijui," nikasema.

Jibu hilo halikuwapendeza. Waliniweka kwenye chumba chenye viti vya bati, wakaondoka na pasi yangu. Nikakaa. Nikasali zaburi zote ninazozijua kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kifaransa. Nilikuwa nawaza: watanirudisha, nitapita Umbilo Road, nitamwambia mama nimefika mlangoni nikageuzwa kwa ajili ya samaki. Hatimaye akaja afisa wa kike, mnene, mwenye haraka. Akauliza nakwenda kwa nani. Nikamwonyesha picha. Yeye hakumtazama kabisa Byamungu, aliitazama nyumba. Uso ukamchanua.

"Ah, makumbusho! Unapenda nyumba zetu za zamani?"

"Sana," nikasema. "Napenda sana."

Nikarudishiwa pasi. Ndagala wakabaki. Ndivyo nilivyoingia Uturuki, mpenzi wa nyumba za zamani.

Basi la dakika

Kwenye kituo cha mabasi nilijifunza neno langu la kwanza. Dirishani nilitaja jina la mji, mwenye dirisha akainua nyusi, akapiga ulimi kwenye meno, akasema, "Yok." Dirisha la pili, yok. La tatu nikapata. Njiani nikaomba maji yakawa yamekwisha, yok. Nikaelewa: yok ni hakuna. Kitu hakipo.

Basi lenyewe lilikuwa safi kuliko sebule yangu. Alipita mhudumu akatumiminia kitu kwenye viganja kutoka kwenye chupa. Mimi nilikuwa na kiu, nikainua mikono nikaonja. Ilikuwa manukato ya ndimu. Bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani, aliyeketi upande wa pili, alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akanionyesha: unapaka mikononi na shingoni. Nilicheka na mimi. Ndiyo mara ya pekee niliyocheka njia nzima.

Tuliposimama kwenye hoteli ya barabarani, dereva alitangaza maneno mengi, na katikati yake nikasikia "dakika." Nikashtuka kama nimeitwa jina. Dakika! Hawa watu wana dakika kama sisi. Lakini dakika ngapi? Hilo lilinipita. Abiria wote wakashuka, mimi nikabaki, tumbo linaniuma kwa haja, macho kwa dereva. Je, nikiingia chooni liondoke? Begi langu limo, simu yangu haina laini ya kule. Yule bibi alirudi kutoka mlangoni, akanitazama, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka chooni, akanisubiri nje, kisha akaniketisha mbele ya bakuli la supu ya dengu. Akakamulia limau mwenyewe. Alikuwa anasema nami muda wote, sielewi kitu, na kila nikigeuka kulitazama basi alinigeuza kidevu kuelekea kwenye bakuli. Sikupata nafasi ya kumshukuru. Alishuka kwenye kijiji fulani mimi nimesinzia.

Jumatatu mlangoni

Nilifika Jumatatu mchana. Mji uko bondeni, paa za vigae vyekundu, milima kila upande. Sikuhitaji kuuliza njia. Lile jumba lilikuwa juu ya mtaa, vilevile kama kwenye picha, mashavu yamejaa. Nilipanda kilima, nikafika mlangoni. Umefungwa. Kumbe Jumatatu makumbusho hupumzika.

Kando ya ngazi alikuwapo mwanamke wa makamo akimwagilia maua yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Nurten, ndiye mlinzi, ndiye mkata tiketi, ndiye kila kitu pale. Akanionyesha kibao: kumefungwa. Nikatoa simu, chaji inakwisha, nikamwonyesha picha, nikamgusa Byamungu kwa kidole, kisha nikajigusa kifua. "Ndugu yangu. Brother."

Alitazama picha. Akanitazama mimi. Mkono ukamwenda mdomoni.

Halafu akaonyesha paa. Akainua kiganja juu, akakishusha kwa kasi, kikapiga kiganja kingine: pa!

Niliona paa lile lilivyo juu. Niliona mawe ya chini. Nikakaa kwenye ngazi, nikamuuliza kwa Kiswahili, maana lugha nyingine zote zilikuwa zimenitoka, "Amekufa?"

Akapiga magoti mbele yangu, akanishika mabega. "Yok!" akasema. "Yok, yok, yok!"

Hakuna. Hayupo. Hayupo tena.

Sijui nililia vipi. Najua madirisha ya jirani yalifunguka. Nurten akapiga simu mahali, akasikiliza, akatikisa kichwa, akapiga tena. Akanionyesha barabara inayokwenda kwenye mji mkubwa, akasema maneno, nami nikaelewa kwamba mwili umepelekwa huko. Akaniletea kitu kwenye gilasi ndogo, akasema, "Chai." Neno lilelile, chai. Nilikunywa kwa sababu aliishika gilasi mdomoni mwangu mpaka ikaisha.

Alinipeleka kwenye nyumba ya wageni ya shangazi yake, akaniashiria: kesho, njoo, mlango utakuwa wazi. Simu ilipopata chaji na mtandao wa nyumba ile, ningeweza kuandika swali moja tu, simu ikatafsiri, nikamwonyesha yule shangazi. Sikuandika. Mpaka hapo nilikuwa na mdogo ambaye pengine amekufa, na nilijua nikiuliza, ile pengine itaondoka. Mama akapiga. Niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Mama Glody, wewe pia ulipiga. Ulinitumia ujumbe, "Uko sharp?", yaani niko salama. Nami nikakujibu "sharp." Sasa unajua.

Ghorofa ya juu

Asubuhi mlango ulikuwa wazi. Nilikwenda nikiwa nimefunga kichwa kitambaa cheusi, nimejiandaa kupewa cheti, au nguo zake, au kuonyeshwa kaburi. Nurten aliruka kutoka kwenye kiti chake, anatabasamu. Lile tabasamu lilinikera. Akaninyooshea kidole juu. "Juu, juu," alikuwa anasema kwa mkono. Kwetu mtu akikuonyesha juu namna ile siku ya msiba, unajua anamaanisha nini. Mara ikaingia shule nzima, watoto na walimu wao, wakamzunguka wakitaka tiketi, akanivisha mifuko ya plastiki juu ya viatu, akanisukuma taratibu kuelekea kwenye ngazi.

Chini, palipokuwa zizi la farasi, kulikuwa na majembe, matandiko, vyombo vya shaba. Nilipita. Ngazi za mbao zililia kila hatua. Ghorofa ya kwanza nikafungua mlango nikapiga ukelele: watu wameketi, wamenitazama. Walikuwa sanamu, za ukubwa wa mtu, zimevishwa nguo za zamani. Bibi harusi anapakwa hina, wanawake wamemzunguka. Chumba cha pili wazee wanakunywa kahawa, macho ya kioo. Nilisema, "Samahani," kwa sauti, nikajishangaa. Nikaita, "Nurten?" Hakuna jibu, kelele za watoto tu huko chini. Nikapanda tena.

Chumba cha mwisho kilikuwa kikubwa, dari limechongwa maua, kabati la ukutani milango yake imeng'olewa. Kamba imezuia kuingia. Sanamu mbili za wanawake zilikuwa kwenye kochi refu la ukutani, na ya tatu, ya kiume, imekaa sakafuni mbele ya kabati, imenipa mgongo, patasi mkononi. Imevikwa shati la buluu. Shingo nyeusi. Nikawaza kwa uchungu: hata hapa wamemweka mtu mweusi, tena sakafuni. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Nikawaza, hiyo imevunjika, hawajaitengeneza.

Niligeuka kuondoka. Sijui nini kilinirudisha. Labda harufu ya mbao mbichi. Nikaitazama ile shingo tena, na tone la jasho likatoka nyuma ya sikio, likateremka polepole, likaingia kwenye kola.

Sanamu haitoki jasho.

"Byamungu," nikasema.

Haikusogea.

"Byamungu. Bajomba banataka kukaa kilio yako."

Patasi ikaanguka. Lakini hakugeuka. Akasema, kwa ile sauti yake, "Yaya, pita. Pita tu kama benye kuangalia."

Niliruka ile kamba. Sikumkumbatia, nisiwadanganye. Nilimpiga. Nilimpiga mgongoni kwa viganja vyote viwili, nikilia, nikimtukana kwa lugha ya nyumbani, naye ameinamisha kichwa anapokea. Watoto wa shule walipofika mlangoni walidhani ni mchezo wa makumbusho. Waliinua simu watupige picha, Nurten akawafukuza huku na yeye analia.

"Nilisikia sauti yako tangu kwenye ngazi," Byamungu aliniambia baadaye, tumeketi wawili sakafuni. "Ningekimbia, yaya. Lakini fimbo zangu ziko kule kwa dirisha."

Alikuwa anabadilisha vigae, mvua imenyesha, akateleza. Simu ilivunjika pamoja naye. Mguu uliwekwa vyuma, ukaoza, wakaukata. Watu wa jumba hawakumwacha. Walimpa kazi za ndani, za kukaa, milango na madirisha. Jumatatu ile alikuwa amekwenda hospitali ya ule mji mkubwa kupimwa mguu wa bandia, simu yake mpya ameizima kama kawaida yake. Nurten alikuwa ananiambia hivyo hivyo. Yok yake ilikuwa: hapana, hakufa, usilie.

"Na juu ya nini haukupiga?" nikamuuliza.

"Kila siku nilisema nitapiga nikianza kutembea. Mama alinituma kusoma, yaya. Nitamurudishia kipande ya mutu?"

Simu ya Uvira

Nurten alitupa ofisi ya mkuu wake, akaleta chai na mkate wenye ufuta, akafunga mlango. Byamungu hakula. Alikuwa ananiomba. "Mwambie umeniona, niko kazini, nitamupigia. Usimwambie ingine."

"Mimi namwambia nini? Mutu mwenyewe iko hapa."

Nikapiga simu ya picha. Mama alipokea kabla haijalia vizuri, na kwa sura yake nilielewa kwamba hakulala, kwa ajili ya zile simu ambazo sikupokea. Nikampa Byamungu simu.

Siwezi kuandika kelele iliyotoka pale. Vigelegele, viti vinaanguka, majirani wanaingia. Byamungu alikuwa ameishika simu karibu kabisa na uso, pua tu na macho, anacheka, anasema ndiyo mama, nakula mama, baridi iko kidogo. Nikamwona anaanza kupumua. Nikawaza, basi, labda inatosha kwa leo.

"Sasa toa ile simu kwa sura," mama akasema. "Simama nikuone muzima."

Byamungu akanitazama. Nilitaka kumnyang'anya simu, nimwambie mama mtandao mbaya, nimwambie lolote. Sikufanya. Akanipa simu, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, naye akashika ukingo wa meza, akasimama. Hakuchukua fimbo. Alisimama na ule mmoja, suruali imening'inia.

Halafu picha ikaganda. Mama mdomo wazi, mkono kichwani, hasogei. Byamungu bado amesimama, anauliza, "Amesema nini? Yaya, amesema nini?" Nami sijui. Ilikaa vile, uso wa mama umeganda namna ile, na mimi nikajuta kila kilomita niliyosafiri.

Sauti ikarudi kabla ya picha.

"...na ule mwingine? Byamungu, nauliza, ule mwingine iko muzima?"

"Muzima, mama."

"Unasimamia ule?"

"Nasimamia ule."

"Basi simama vizuri, usiegemee meza ya watu."

Akaiachia meza. Akayumba, akajiweka sawa. Mama akamtazama kuanzia juu mpaka chini, bila haraka, kama anavyotazama kitambaa sokoni kabla ya kukinunua. Kisha akaanza kulia, naye Byamungu akaketi, akalia, na mimi nikaweka simu mezani kwa sababu mkono ulikuwa umechoka.

Nilikaa naye juma moja. Mguu wa bandia ulikuwa bado haujafika nilipoondoka, sasa umefika. Anasema unamkwaruza. Jumapili anapiga Uvira kama zamani, na mama hapokei salamu yoyote kwanza. Anamwambia, "Simama." Akishasimama, ndipo wanaanza kuongea.